Kitambi cha Msimamizi

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, Karani wa mapokezi alifungua mlango wa chuma wa kiwanda cha kufulia, akawasha taa mbili za mbele, akaenda kuondoa kiti cha Msimamizi pembeni mwa mizani, maana Msimamizi alikuwa amezikwa jana yake. Kiti kiligoma kusogea. Juu yake kilikuwa kimekaa kitambi.

Kilikuwa cha Msimamizi, hilo halikuwa na ubishi. Kwa miaka kumi na mmoja kila mtu pale alikiona kikitangulia kwenye kona ya mashine za kukaushia, kisha mwenyewe akifuata. Kilikuwa na kovu dogo la mvuke upande wa kulia na kitovu kilichochungulia nje kama kifungo cha koti. Kilikuwa na joto la mtu aliye hai. Karani alichukua tiketi ya njano, akaandika tarehe na namba, akaifunga kwa uzi mahali panapokaribia kiuno. Katika jengo lile hakuna kitu kilichopokelewa bila tiketi, iwe shuka la hospitali au soksi iliyosahauliwa ndani ya foronya ya hoteli.

Kisha akampigia simu mjane.

Mjane alifika saa tatu na mkoba wake mikononi. Wafanyakazi walimpisha. Alikitazama kile kitambi, akainyoosha tiketi iliyokuwa imejikunja, akatikisa kichwa taratibu.

"Nakifahamu," alisema. "Kilianza mwezi uleule aliopewa cheo. Akifika nyumbani alikuwa anakivua mlangoni pamoja na viatu. Ndiyo maana waliomwosha walikuta tumbo limelala, ndugu zake wakaanza kuninyooshea vidole kwamba nilikuwa namnyima chakula."

"Pole sana, mama," alisema Dereva wa gari la mizigo. "Tukupakilie?"

"Nikipeleke wapi, baba? Hiki ni cha kazi. Bakini nacho."

Akachukua kikombe cha marehemu na taulo lake, akaaga, akaondoka. Karani akakisukuma kitambi juu ya mizani ya vifurushi. Kilo kumi na nane na nusu. Akaandika.

Walikizunguka hadi chai ya saa nne, kila mtu na maoni yake. Dereva, ambaye hakuwahi kukaa karibu na kitu bila kukigusa, alikiinua kwa mikono miwili akakibandika mbele ya fulana yake ili kuwachekesha wapiga pasi. Kitambi kilimshika palepale, kama mtoto anayemjua mlezi wake. Watu walikuwa bado wanacheka Meneja aliposhuka ngazi na simu sikioni. Kwa miaka sita Meneja alikuwa amemwita Dereva "wewe wa gari." Safari hii aliiweka simu mfukoni.

"Bwana mkubwa," alisema. "Habari za kazi?"

Dereva aligeuka kuangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Nzuri, mzee. Tatizo matairi."

"Yamefanyaje?"

"Yamekwisha. Tangu mvua za mwaka jana."

"Na mtu mzima kama wewe ulikuwa unasubiri nini kuniambia?"

Kabla ya saa saba matairi manne mapya yalikuwa yamefika, bado yananuka mpira wa dukani.

Mchana ule hakuna aliyekula akatulia. Watu walisimama na sahani mikononi, wakasemezana juu ya vichwa vya wenzao, wakagongana mabega. Mmoja alitaka chai iwe na maziwa. Mwingine alitaka kibanda cha kuegeshea baiskeli. Fundi wa boila, kijana mrefu mwenye mbavu za kuhesabika, alitaka spana ambayo alikuwa ameiandikia barua nne. Dereva alipanda na kushuka ngazi za ofisi mara tatu siku ile, kila mara akirudi na jasho na habari njema, na kila mara watu wakipiga makofi. Jioni walikubaliana: kitambi kitazunguka. Atakayekihitaji atajiandikisha kwa Karani na kukirudisha kwenye kiti kabla ya saa moja asubuhi.

Mtu mmoja hakuwapo kwenye furaha ile ya mchana. Alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha pasi, na mwenzake alikuwa anampepea kwa foronya.

Wenzake walimwita Sindano. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mume fundi seremala, watoto wawili, na mama mkwe aliyeishi nao. Aliajiriwa akiwa na kilo sitini na saba. Alijua kwa sababu siku ya kwanza Karani alimpima kwenye mizani ya vifurushi kwa mzaha. Sasa alikuwa na arobaini na nne. Mtaani kwake watu walipunguza sauti akipita. Kuna jirani aliyekuja kumwambia mumewe, kwa upole kabisa, kwamba ni vizuri na yeye akapime. Sindano alikuwa amekwisha kupima kila kitu kinachopimika, mara mbili, na karatasi zilizosema hana ugonjwa alizikunja akaziweka kwenye kabati la vyombo, ambako hazikumsaidia kitu. Huwezi kutembea na karatasi mkononi ukiwaonyesha watu njiani.

Kilichompunguza kilikuwa chumba. Kulikuwa na wanawake wanane mle, kila mmoja na pasi yake ya mvuke, na madirisha sita yaliyopigiliwa misumari ya inchi tatu. Yalipigiliwa mwaka ambao hoteli moja ilirudisha mashuka arobaini kwa sababu ya vumbi. Fundi wa boila aliwahi kutundika kipimajoto ukutani. Kilisoma arobaini na tatu kabla ya adhuhuri. Meneja aliamuru kiondolewe kwa sababu kilikuwa kinawatia watu wasiwasi.

Shangazi, mpiga pasi mkongwe kuliko wote, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale lakini hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo, alisubiri wiki nzima ipite. Matairi yalikuja, spana ikaja, maziwa yakaja, kibanda cha baiskeli kikaezekwa. Ijumaa alitoka chumbani na kitambaa cha jasho shingoni akasimama mbele ya Dereva.

"Mwanangu," alisema, "mmeomba kila kitu isipokuwa hewa."

Dereva aliona haya. Alipandisha suruali, akapanda ngazi na kitambi chake, akashuka baada ya dakika tano akiwa hajui auweke wapi uso.

"Ameniuliza wenyewe wamelalamika? Nikasema ndiyo. Akaniuliza, mbona hawaji?"

Wapiga pasi walikuwa wamekwenda mara tatu. Mara zote walimtanguliza Sindano kwa sababu ndiye aliyejua kuongea, na mara zote Meneja alimtazama kuanzia mifupa ya shingo hadi vifundo vya miguu kisha akasema, "Dada, wewe kwanza kajiangalie afya yako. Sura hii si ya joto. Ukipona tutazungumza."

"Atakwenda tena," alisema Shangazi. "Safari hii atakwenda nacho."

Lakini Jumamosi na Jumapili kilikuwa kimeshaandikishwa na Fundi wa boila. Fundi alikuwa na mchumba kwa miaka mitatu na baba wa mchumba kwa miaka mitatu. Baba huyo alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwanaume asiyeweza kujilisha mwenyewe hataweza kumlisha binti wa watu. Jumamosi, Fundi aliingia sebuleni kwao na kilo kumi na nane na nusu za ziada chini ya shati aliloazima kwa Dereva. Mzee alisimama. Akampisha kiti chake mwenyewe, akaagiza vinywaji, na kabla ya jua kuzama tarehe ya harusi ilikuwa imepangwa.

Jumatatu Fundi alirudi akiwa mchumba rasmi na akiwa na kiu. Alikunywa jagi la maji, akaongeza la pili, akaongeza la tatu. Miguu ilikuwa imemwagika juu ya viatu. Walimpeleka zahanati iliyo mkabala na kiwanda. Muuguzi alimpima, akamwambia ana sukari na presha, na presha yenyewe si ya kuchezea. Fundi akaomba ruhusa, akakivua kitambi, akakiweka kitandani. Muuguzi akampima tena: mzima kama ng'ombe. Akakifunga kitambi mkanda wa presha, akasoma, akachukua kalamu akaandika nyuma ya tiketi ya njano: *apunguze chumvi, aache sukari, atembee.*

"Mwambie mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe amefariki."

"Basi ndiyo maana," alisema muuguzi, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mama wa mchumba alipopata habari alipiga simu kwa ndugu saba. "Mkwe wetu ana sukari," alisema kila mara, kwa sauti ya mtu anayetangaza kupanda cheo. Mtaani kwao ugonjwa huo ulikuwa umempata meneja wa benki na mheshimiwa mmoja tu.

Dereva naye alianza kuona barabara mbilimbili akiendesha na kitambi, na gari lilikuwa jipya kwa matairi tu. Juma lile akaletwa Msimamizi mwingine kutoka kiwanda kingine. Huyu alikuja na chake. Alihitaji kiti. Karani akakibeba kitambi cha marehemu, kisicho na mwenyewe tena, akakipeleka chumba cha pasi, akakiweka juu ya rafu kati ya wanga na mashuka ya vitanda vya watoto.

Wapiga pasi walikivalisha Sindano siku ya Jumatano. Wote wanane walijaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mmoja akiinua gauni, mwingine akishika tiketi isikwaruze, wote wakiongea kwa pamoja.

"Kisogeze juu kidogo."

"Juu ndiyo wapi? Huyu hana pa kukishikiza."

"Sindano, vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Sema neno la kwanza utakalomwambia."

"Madirisha," alisema Sindano.

"Sema kama mwenye nacho."

"Madirisha," alisema Sindano, na safari hii sauti ilitokea chini, kwenye uzito, ikajaa chumba. Wanawake wale walishikana mikono. Shangazi alifuta macho kwa kitambaa cha jasho na kudai ni mvuke.

Alipanda ngazi polepole, mkono mmoja ukishika ukuta. Alikuwa amesahau jinsi mwili wenye uzito unavyokanyaga sakafu na sakafu ikajibu. Kila aliyepishana naye alimsalimu kwanza. Nyuma yake, chini ya ngazi, walisimama wapiga pasi saba, Dereva, Fundi na Karani, na mashine zote za kukausha zikazunguka bila mtu wa kuziangalia.

Meneja alinyanyua kichwa, akakiona kitambi, na uso wake ukafunguka. Akasimama. Akazunguka meza na kumvutia kiti.

"Hongera sana, dada," alisema. "Miezi mingapi?"

"Ni kitambi cha Msimamizi, mzee. Marehemu. Nimekuja kuhusu madirisha ya chumba cha pasi."

"Bila shaka, bila shaka. Joto lile si zuri kwa hali yako."

"Si zuri kwa mtu yeyote. Wiki hii wameanguka wawili."

"Na wewe usije ukaanguka. Ningejilaumu." Alikuwa ameshatoa fomu kwenye droo na alikuwa anaandika. "Sheria iko wazi. Mama mjamzito hakai kwenye mvuke. Kuanzia sasa utakuwa mapokezi na Karani. Pale pana upepo. Ukae, unywe maji, uandike tiketi tu."

"Na madirisha?"

"Wewe sasa hayakuhusu," alisema Meneja kwa upole, na akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sindano alishuka na fomu. Aliwaeleza neno kwa neno. Mpiga pasi mgeni kuliko wote, Mama Pacha, aliyekuwa na miezi miwili tu kiwandani, aliuliza kama kweli mapokezi pana upepo.

"Upo," alisema Karani. "Unaingia kwa mlango mkubwa. Mchana karatasi zinaruka."

Siku ile Meneja alimsindikiza Sindano mpaka getini, kwa hiyo ilibidi aondoke nacho. Alipita njia ya sokoni kama kawaida. Wanawake waliozoea kunong'ona waliinuka kwenye vigoda vyao. Mmoja alimpa papai. Yule jirani wa kupima alimshika mikono yote miwili na kusema kumbe, kumbe, na sisi tulivyokuwa na hofu. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliweka ungo chini, akampokea mkoba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamletea kigoda cha kuwekea miguu.

Mume alirudi na vumbi la mbao kichwani. Alimzunguka mkewe mara moja, akakigusa kitambi kwa kidole, akasoma tiketi.

"Cha nani?"

"Cha kazini."

"Kinalala hapa?"

"Leo tu. Kina presha, usikiegemee."

Mume alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka.

"Mimi sijali ni cha nani," alisema. "Kesho ukienda kazini usipite uchochoroni. Pita barabara kubwa. Wale wote wakuone. Miaka minne nainamisha kichwa kwa ajili yako."

"Mama, si nilikuonyesha karatasi za hospitali?"

"Ulinionyesha mimi, mwanangu. Mimi nilikuamini tangu hujanionyesha."

Miguu ilikuwa inavimba na koo lilikuwa linakauka, lakini Sindano alikaa vile mpaka wapita njia wakaisha, mikono juu ya kitambi, akiitikia salamu.

Asubuhi alimwambia Shangazi kwamba atakaa mapokezi siku moja tu. Haki haikuwa yake peke yake. Shangazi alichukua chaki akaandika nyuma ya mlango wa chumba cha pasi majina manane, na Alhamisi zamu ikaanza.

Zilikuwa wiki za furaha zile, hakuna aliyekataa baadaye. Kila asubuhi mwanamke mmoja alipanda ngazi na kitambi, akapewa hongera, kiti na fomu, akashuka kwenda kwenye upepo. Aliyekuwa nacho jana alirudi kwenye pasi tumbo likiwa limelala, na Meneja akimwona alivua miwani na kusema, "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu." Kisha akampa nusu saa ya kupumzika, ambayo ilitumika kikamilifu. Shangazi, mwenye miaka hamsini na minane na wajukuu watano, alipewa hongera kama wengine na kuulizwa kama ni wa kwanza. Wanawake waliokuwa ndani walichungulia kwa tundu la ufunguo kumwona mwenzao aliye mezani, kanga ikipepea mabegani. Akirudi kesho yake walimzunguka aeleze: ulivuma kuanzia saa ngapi, ulikuwa wa baridi au wa vuguvugu, ulinusa nini. Mama Pacha alikuwa mwelezaji hodari kuliko wote. Alisema alinusa mvua iliyokuwa ikinyesha mahali pengine, na wenzake wakaacha pasi wakafumba macho.

Si kwamba kilikuwa chepesi. Aliyekaa nacho alikojoa mara kumi na mbili, macho yakamwingia ukungu, na jioni viatu vikagoma kuvulika. Lakini kuchagua kati ya joto na presha, wote wanane walichagua presha, na hakuna aliyechelewa zamu yake.

Meneja hakukaa bila kufanya kitu. Aliona katika vitabu vyake kwamba wapiga pasi wote wamebeba mimba na wote wameipoteza, baadhi mara tatu katika mwezi mmoja. Akaandika kwa wakubwa kwamba tatizo ni lishe. Akamwalika muuguzi wa zahanati kuja kutoa somo na kupima uzito. Muuguzi alileta mchoro wa chakula bora, akawapandisha wanawake mmojammoja kwenye mizani ya vifurushi. Sindano, arobaini na tatu. Mama Pacha, hamsini. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Shangazi. Muuguzi alikiona kitambi, akaigeuza tiketi, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

"Chumvi hamjapunguza," alisema.

"Hatujui kinakula nini," alisema Shangazi.

Muuguzi aliomba kuingia chumba cha pasi. Alikaa humo dakika nne. Alitoka amelowa hadi kola, akaketi mezani pa Karani, akaandika ripoti ya mstari mmoja: *fungueni madirisha.* Meneja aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamwambia Karani aifungulie faili. Karani aliipa tiketi ya njano.

Kisha kiangazi kikaja chenyewe, kile ambacho bati linalia mchana kutwa. Siku ya zamu ya Sindano, mteja mkubwa wa hoteli alikuja kutembezwa. Meneja alimtembeza kwenye mashine za kufulia na za kukamua, akamrudisha mapokezi, ambako hewa ilikuwa inapita, akawa anamwonyesha jinsi tiketi zinavyoandikwa. Sindano aliandika. Kitambi kilikuwa mapajani mwake, miguu ilikuwa ndani ya beseni la maji, na karatasi alizibana kwa jiwe.

Mlango wa chumba cha pasi ukafunguka kwa kishindo. Shangazi na wengine wawili walikuwa wanasukuma kitoroli cha mataulo. Juu ya mataulo alikuwa Mama Pacha. Midomo ilikuwa imekauka kama karatasi, macho yalikuwa yamegeuka, na ngozi yake, iliyopaswa kuwa inatiririka, ilikuwa kavu kabisa.

"Mtoeni hewani," alisema Sindano.

"Huyu zamu yake ni Ijumaa," alisema Msimamizi mpya, akisimama mbele ya kitoroli. Alikuwa ameambiwa utaratibu. "Mapokezi ni ya mmoja."

Sindano alitoa miguu kwenye beseni. Alisimama mbele ya Meneja, mbele ya mteja, akaingiza mikono ndani ya gauni, akakivua kitambi kama mtu anayeshusha mtoto mgongoni. Kilitoa sauti ndogo ya kuachia. Akakilaza juu ya tumbo la Mama Pacha, akakishikilia mpaka kikashika. Msimamizi mpya akapisha. Walimweka Mama Pacha kwenye kiti, wakamtia miguu kwenye beseni, wakamwagia maji kichwani kikombe baada ya kikombe. Upepo ulimpitia. Muda ulikwenda. Karani aliacha kuandika. Kisha kidole kimoja cha mguu kikatikisika ndani ya maji, na Mama Pacha akavuta pumzi ndefu, akauliza watoto wake wako wapi.

"Shule," alisema Shangazi. "Wako shule. Kunywa."

Wanawake walicheka wote kwa pamoja.

Meneja alikuwa ameshuhudia yote kwa umbali wa hatua mbili. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Hongera sana, dada," alimwambia Mama Pacha.

Akamgeukia Sindano, ambaye gauni lilikuwa limembaki pana kama pazia.

"Na wewe pole sana. Kazi ya Mungu."

Mteja naye aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, upande huu na upande ule. Kisha akatazama saa yake na kuuliza kama mashuka yake yatakuwa tayari saa kumi.

"Yatakuwa tayari," alisema Meneja, na akamtazama Sindano.

Sindano alivaa viatu. Alimwachia Mama Pacha kalamu, akamwonyesha jiwe la kubania karatasi, akamfunga vizuri kanga mabegani. Kisha akaingia chumba cha pasi, akafunga mlango nyuma yake mvuke usije ukatoka na kuwalowesha wageni. Pasi ya Mama Pacha ilikuwa imesimama pembeni, bado ya moto. Shuka lilikuwa limefika nusu. Alilishika pindo, akalinyoosha, akaendelea kuanzia hapo.